KUPANDIKIZA INI SI KAZI, KAZI NI KULILEA



Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwezi huu nautumia msemo huo kwa jambo ambalo miaka ishirini iliyopita nisingedhani nitaliandikia katika ukurasa huu: matatizo yanayompata mtu aliyepandikizwa ini, na jinsi ya kuyatambua na kuyatibu kabla hayajawa makubwa.

Najua wengine mtauliza, sisi wa huku ini la kupandikizwa linatuhusu nini? Linatuhusu. Upasuaji wenyewe ndugu zetu huufuata mbali, hasa India, ambako upandikizaji wa ini wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Delhi mwaka 1998. Lakini upasuaji ukishapita mgonjwa hakai India. Baada ya miezi michache anarudi nyumbani, kwenye shamba lake, mbu wake na majirani zake. Akishikwa na homa usiku wa manane hakimbilii Delhi wala Chennai. Anakimbilia zahanati au hospitali iliyo karibu, na hapo ndipo anapotukuta sisi.

Naandika haya kwa sababu mgonjwa mmoja alitukuta, na hatukuwa tayari.

Yaliyotupata

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ini lake liliharibiwa na virusi vya homa ya ini B, akapelekwa India, na mwanawe wa kwanza akamkatia sehemu ya ini lake. Ini ni kiungo cha ajabu. Ukikata kipande, kilichobaki kwa mtoaji hukua tena, na kile alichopewa mgonjwa nacho hukua. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na afya, akaanza kufundisha.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji alikuja hospitalini kwetu akikohoa, anatoka jasho usiku na amepungua uzito. Tulipima makohozi, tukakuta kifua kikuu. Tulimwanzishia dawa siku hiyo hiyo, zile zile tunazowapa wagonjwa wote, na moja kati yake ni rifampisini. Kovu kubwa tumboni nililiona kwa macho yangu, nikaandika kwenye faili: "Alishafanyiwa upasuaji." Upasuaji gani, sikuuliza. Dawa alizokuwa akimeza kila siku zilikuwa kwenye mfuko wa mkewe, futi mbili kutoka mezani kwangu. Hizo nazo sikuziulizia.

Wiki ya tatu macho yake yakawa ya njano. Tukasema ni dawa za kifua kikuu zimemletea shida ya ini, jambo ambalo kweli hutokea. Tukawa tunashauriana kuzisimamisha na kumwangalia. Ni mkewe aliyetuokoa. Alitoa daftari, akaniambia kwa upole, "Mama, kule walituambia macho yakibadilika tupige simu siku hiyo hiyo. Naomba tupige."

Tulipiga. Yule wa upande wa pili aliuliza swali moja tu: kiwango cha takrolimusi katika damu ni kiasi gani? Hatukuwa na jibu. Mwalimu alipelekwa hospitali kubwa usiku ule. Kipimo kiliporudi, dawa ile katika damu ilikuwa karibu hakuna. Alikuwa hajaacha kumeza hata kidonge kimoja, ila rifampisini tuliyompa sisi ilikuwa inaifuta dawa yake kila siku. Walichukua kinyama kidogo cha ini kwa sindano, wakakiangalia kwa darubini, wakaona mwili umeanza kulikataa ini la mwanawe.

Ini geni na mlinzi asiyejua

Kinga ya mwili ni kama mbwa mlinzi. Kazi yake ni kumshambulia kila mgeni, na hajui kwamba mgeni huyu amealikwa. Ini jipya, hata likitoka kwa mtoto wa kuzaa mwenyewe, kwa mlinzi huyu ni geni. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kumtuliza mlinzi: takrolimusi au siklosporini, mara nyingi pamoja na mikofenoleti au prednisoloni. Wengi sana huzimeza maisha yao yote.

Historia yenyewe inatufundisha. Daktari Thomas Starzl alijaribu upandikizaji wa ini wa kwanza kwa binadamu huko Denver, Marekani, tarehe 1 Machi 1963. Mtoto aliyefanyiwa, mwenye miaka mitatu, alikufa papo mezani kwa kutokwa damu. Mwaka 1967 Starzl alimpata mgonjwa wa kwanza aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Hata hivyo waliopona waliendelea kuwa wachache mpaka ilipokuja siklosporini katika miaka ya 1980, kisha takrolimusi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994. Mikono ya wapasuaji ilishajua kushona. Kilichokosekana ni namna ya kulilea ini baada ya kushona. Leo, katika hospitali zenye uzoefu, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wako hai mwaka mmoja baada ya upasuaji, na zaidi ya saba kati ya kumi baada ya miaka mitano.

Shida ni kwamba dawa zinazomtuliza mlinzi zinamtuliza pia mbele ya wezi halisi, yaani vijidudu vya magonjwa. Dawa ikizidi, mgonjwa anaingiliwa na maambukizi na figo zinaumia. Ikipungua, mwili unalikataa ini. Maisha yote ya mgonjwa huyu ni kutembea katikati ya hayo mawili.

Matatizo huja kwa majira yake

Wiki za kwanza ni za wapasuaji. Damu inaweza kuganda katika mshipa unaolisha ini, nyongo inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuoza. Mgonjwa bado yuko mikononi mwao, na wao humpima kila siku kwa damu na kwa ultrasaundi inayoonyesha damu ikipita katika mishipa. Sitakaa hapo.

Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita ndipo kinga iko chini kabisa. Huu ni wakati wa virusi vinavyoitwa sitomegalo, wa fangasi, wa nimonia ambazo mtu mzima mwenye kinga hazimpati, na wa kifua kikuu kilicholala kuamka. Ndiyo sababu wengi hurudi na septrini na dawa ya virusi, na wasiziache bila kuambiwa. Mwili kulikataa ini nako hutokea zaidi katika miezi hii, ingawa kunaweza kutokea hata baada ya miaka mingi ikiwa dawa zimerukwa.

Mirija ya nyongo inaweza kubana wakati wowote, hasa kwa waliopewa kipande cha ini na mtu aliye hai. Mgonjwa huwashwa mwili mzima, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinakuwa cheupe, na mara nyingine anatetemeka kwa homa. Tiba yake mara nyingi si kupasua tena. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni mpaka kwenye mlango wa nyongo, kisha kijirija huwekwa kupanua palipobana.

Miaka ikipita yanakuja mengine ya polepole: shinikizo la damu, kisukari, figo kuchoka, mifupa kulegea, na saratani, hasa ya ngozi. Ugonjwa wa zamani nao unaweza kurudi. Aliyeharibiwa ini na virusi B lazima aendelee na dawa za virusi hivyo. Aliyekuwa na virusi C, leo kuna vidonge vinavyoviondoa kabisa kwa wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Aliyeharibiwa na pombe, pombe imekwisha kwake, hata ile ya kuonja kwenye harusi.

Macho ya njano hayana jibu moja

Hapa nawaambia hasa wauguzi na matabibu wenzangu. Mtu aliyepandikizwa ini akiwa na macho ya njano, au vipimo vya ini vikipanda, usichague sababu unayoipenda. Inaweza kuwa mwili unalikataa ini, mrija umebana, mshipa umeziba, virusi vimerudi, dawa mpya inamdhuru, au ni malaria kali. Kwa kuangalia tu huwezi kuzitofautisha. Tena mwili unapoanza kulikataa ini mara nyingi hakuna maumivu wala homa. Damu tu ndiyo inayosema. Kwa hiyo utaratibu ni huu: vipimo vya ini, figo na damu kamili, kipimo cha malaria, kiwango cha dawa katika damu, ultrasaundi ya ini, mirija na mishipa, na ikibidi, kinyama cha ini. Sisi wenye hospitali ndogo tutaweza kufanya nusu tu ya hayo. Basi tufanye hiyo nusu, tupige simu, na tumsafirishe siku hiyo hiyo.

Damu ya kupima kiwango cha takrolimusi ichukuliwe asubuhi kabla ya mgonjwa kumeza dozi yake. Ikichukuliwa baada ya kumeza, jibu litakuwa la uongo na dozi itapunguzwa bila sababu. Nimeona mgonjwa amesafiri saa nne kwenda kupimwa na dawa ameshaimeza nyumbani kwa kuwa hakuna aliyemwambia asubiri.

Homa nayo ina kanuni yake. Kwa mgonjwa huyu, joto la nyuzi 38 ni dharura, hata kama anatembea na kucheka. Akiwa kwenye prednisoloni homa inaweza isipande sana, nasi tukadanganyika. Mpime malaria, na ikiwepo itibu mara moja, lakini kukuta malaria kusikufanye uache kutafuta kingine. Panadoli na "urudi kesho" si tiba yake.

Dawa zinazogombana

Kosa letu lilikuwa hapa, na naamini ndipo wengi watakosea. Naomba orodha hii ikatwe na kubandikwa ukutani:

1. Rifampisini hushusha sana kiwango cha takrolimusi na siklosporini. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hufanya hivyo hivyo.

2. Flukonazoli na ketokonazoli za fangasi, pamoja na erithromisini na klarithromisini, hupandisha kiwango. Mikono inaanza kutetemeka, kichwa kinauma, figo zinaumia.

3. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupandisha sana, nyingine hushusha. Asianzishiwe wala kubadilishiwa bila wataalamu wa pande zote mbili kuongea.

4. Diklofenaki, ibuprofeni na sindano ya jentamaisini huumiza figo ambazo tayari zimelemewa. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi alichoruhusiwa inatosha.

5. Balungi na danzi, tunda au juisi yake, hupandisha kiwango cha dawa. Machungwa ya kawaida hayana neno.

6. Mizizi na dawa za unga. Simdharau mtu, lakini hakuna ajuaye zitafanya nini zikikutana na takrolimusi, na nyingine huumiza ini lenyewe.

7. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, asipewe. Akitakiwa cheti cha homa ya manjano kwa safari, daktari amwandikie barua.

Naongeza la kuharisha. Wengi hudhani anayeharisha anapoteza dawa. Kwa takrolimusi mara nyingi ni kinyume: kiwango hupanda. Asiongeze dozi kwa kukisia, apimwe.

Kifua kikuu lazima kitibiwe, sisemi kiachwe. Lakini kipo kikundi cha dawa kinachoweza kupangwa bila rifampisini, au kwa rifabutini badala yake, na tiba ikachukua muda mrefu zaidi. Asiye mtaalamu asipange peke yake. Tulichotakiwa kufanya siku ile ni kupiga simu kabla ya kidonge cha kwanza.

Maoni yangu

Sasa niseme ninaloliamini, hata kama si wote watakaopendezwa.

Kwanza, familia. Ndugu akiugua tunachapisha kadi za mchango kama za harusi. Ukoo unachanga, jumuiya zinachanga, kwaya inachanga, ng'ombe wanauzwa. Ni jambo jema, na nimechanga mara nyingi. Lakini karibu kila kadi niliyoiona inahesabu tiketi, malazi na upasuaji, kisha inaishia hapo. Dawa za mwaka wa kwanza haziandikwi. Za mwaka wa tatu hazifikiriwi kabisa, na wakati huo wachangaji wameshachoka. Maoni yangu ni kwamba kadi iwe na mstari wa dawa na vipimo vya baada ya upasuaji, na mstari huo ujazwe kabla ya tiketi kukatwa. Kama ukoo hauoni dawa za mwezi wa kumi na tatu zitatoka wapi, mkae tena na daktari mzungumze kwa ukweli. Ni uchungu kulisema. Uchungu zaidi ni kijana kutoa nusu ya ini lake, kisha ini hilo likafa kwa kukosa vidonge.

Na huyo aliyetoa tusimsahau. Naye alipasuliwa tumbo. Naye anatakiwa apimwe, apumzike, asibebeshwe magunia mwezi wa pili kwa sababu "yeye si mgonjwa".

Pili, hospitali zinazopasua, na mawakala wanaowapeleka wagonjwa huko. Kumrudisha mtu na bahasha ya kurasa arobaini ambazo hakuna atakayezisoma saa nane za usiku si kumkabidhi. Tunahitaji ukurasa mmoja: amefanyiwa nini, lini, anameza nini, kiwango kinachotakiwa ni kipi, dawa gani asipewe, na namba ya simu inayopokelewa. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu tu, hivyo kuongea si kazi ngumu.

Tatu, sisi wenyewe. Kuuliza si ujinga. Swali moja liwekwe mbele ya kila faili: "Je, umewahi kupandikizwa kiungo?" Mgonjwa akijibu ndiyo, asiandikiwe dawa yoyote mpya mpaka zile anazomeza ziwe juu ya meza.

Muuguzi mwenzangu, mdogo wangu kwa miaka, alinipinga. Aliniambia, "Mama, wodi ya watoto imejaa, kitanda kimoja watoto wawili, nawe unatutaka tuhangaike na mtu mmoja aliyetoka India?" Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba siombi mashine wala wodi mpya. Naomba swali moja, simu moja na gari la rufaa lisilosubiri asubuhi. Tena si mtu mmoja. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Wagonjwa hao wanameza dawa hizi hizi, wanaishi vijiji hivi hivi, na rifampisini itawafanyia lile lile.

Kwa aliyepandikizwa

Ndugu yangu uliyepewa ini, meza dawa zako kwa saa zile zile, asubuhi na jioni, bila kuruka hata ukijisikia mzima kama chuma. Weka akiba ya wiki mbili, usingoje kidonge cha mwisho. Lala ndani ya chandarua. Kunywa maji yaliyochemshwa, kula nyama iliyoiva. Vaa kofia na mikono mirefu juani. Tembea na kadi inayosema wewe ni nani na unameza nini, na mtu mmoja nyumbani ajue daftari lilipo. Na ukifika kwetu, usisubiri tukuulize. Sema. Siku ile mwalimu alinyamaza kwa sababu alituheshimu. Alidhani sisi tunajua.

Mwalimu yu hai. Walimpa dawa za kutuliza kinga kwa dripu siku tatu, wakambadilishia dawa za kifua kikuu, wakawa wanapima damu yake kila baada ya siku chache mpaka kiwango kikakaa sawa. Figo zake zilitikisika kidogo na mpaka leo tunazichunga. Nilimwomba radhi, mbele ya mkewe. Aliniambia yaishe, lakini kwa masharti kwamba niandike ili wengine wasome.

Kila baada ya miezi mitatu anakuja kuchukuliwa damu, asubuhi, kabla ya kumeza dozi. Mkewe huja naye na daftari mkononi. Kabla sijamwandikia chochote, hulifungua na kuliweka mezani, nami husoma mstari kwa mstari.